Mtani wa Nafsi Yake: Ungamo na Kicheko katika Uchekeshaji wa Jukwaani

Utangulizi

Wahenga walituusia tucheke uchafu, tusicheke kilema. Methali hii inabeba kanuni nzima ya maadili ya kicheko. Uchafu ni jambo ambalo mtu anaweza kuliondoa, hivyo kumcheka ni namna ya kumkanya. Kilema hakikuombwa wala hakiondoleki, hivyo kumcheka aliye nacho ni ukatili. Sehemu kubwa ya ucheshi tunaoufahamu, kuanzia hekaya za Abunuwasi hadi vichekesho vya runinga, imejengwa ndani ya mpaka huo. Bakhili huchekwa kwa ubahili wake, mlafi kwa ulafi wake, na mtawala kwa majivuno yake.

Hata hivyo, hasa tangu miaka ya 1970, umestawi nchini Marekani na kwingineko mtindo wa uchekeshaji unaouvuka mpaka huu makusudi. Mchekeshaji husimama peke yake jukwaani, bila maleba wala mwigizaji mwenza, akiwa na kipaza sauti tu. Badala ya kuwacheka majirani, anakifunua kilema chake mwenyewe: uraibu, maradhi, utoto wa aibu, au kipigo alichokificha kwa miaka mingi. Kisha anatutaka tucheke, nasi tunacheka. Je, kicheko hicho ni tiba ya jeraha, au ni kifuniko kinacholificha jeraha lisionekane?

Makala haya yananuia kueleza jinsi mtindo huu unavyofanya kazi. Mfano wetu mkuu ni Richard Pryor, Mmarekani mweusi ambaye mojawapo ya maungamo yake mazito ina uhusiano wa moja kwa moja na Kenya. Baada yake tutawaangalia kwa ufupi Tig Notaro na Hannah Gadsby. Hoja tunayoishikilia ni kwamba mchekeshaji anayeungama hutwaa kwa wakati mmoja nafasi mbili ambazo utamaduni wetu umezitenga, yaani nafasi ya mfiwa na nafasi ya mtani. Ubora wa kazi yake unategemea kama anajua mahali pa kumnyamazisha mtani ili mfiwa naye apate kusema.

Majigambo yaliyopinduliwa

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatapata shida kuutambua mtindo huu kama maigizo. Kuna fanani, kuna hadhira, na kuna uwasilishaji wa ana kwa ana ambamo kimya au kicheko cha hadhira huweza kubadilisha mkondo wa utendaji papo hapo. Hata hivyo, ni muhimu kuulinganisha na tanzu mbili mahsusi zilizo jirani nao.

Utanzu wa kwanza ni majigambo. Katika majigambo fanani hujitungia na kujisimulia katika nafsi ya kwanza, huku akitumia chuku kuyakuza matendo yake ya kishujaa. Mchekeshaji anayeungama huihifadhi sura hiyo karibu yote: nafsi ya kwanza, chuku, miondoko ya mwili, na hadhira inayoitikia. Anachokigeuza ni maudhui. Mwenye kujigamba husimulia jinsi alivyomwangusha adui, ilhali huyu husimulia jinsi alivyoanguka yeye. Chuku nayo hubadilika kazi. Katika majigambo huongeza sifa, na katika ungamo huifanya aibu ivumilike masikioni mwa wanaoisikia.

Utanzu wa pili ni utani. Humu Kenya tunaujua zaidi kupitia uhusiano wa babu au bibi na wajukuu, ambapo ajuza humwita mjukuu wake mume na kumlalamikia kwamba hamletei nyama. Nchini Tanzania utani umeenea pia baina ya makabila, kwa mfano baina ya Wazaramo na Wanyamwezi, na nguvu yake huonekana hasa msibani. Mtani hufika matangani akamwigiza marehemu kwa sauti na mwendo, akawadhihaki wafiwa, na pengine akazuia shughuli ya mazishi mpaka apewe chochote. Hakuna anayekasirika. Wafiwa hucheka huku machozi yangali mashavuni, na kicheko hicho huwavusha saa ngumu.

Tuangalie jinsi kazi ilivyogawanywa hapo. Mfiwa halazimiki kuchekesha, kwa kuwa kazi yake ni kulia. Mtani naye halii, maana amepewa ruhusa ya kucheka kwa niaba ya wengine, na ruhusa hiyo imetoka kwenye uhusiano uliokuwapo kabla yake na utakaodumu baada ya matanga. Isitoshe, kila mtani anajua kwamba siku yake ya kufiwa itafika, na wale anaowadhihaki leo watakuja kumdhihaki yeye.

Katika ukumbi wa vichekesho hakuna uhusiano wa aina hiyo. Waliokaa vitini ni wageni waliolipa kiingilio, na hawana haki ya kucheka msiba wa mtu wasiyemjua. Ndiyo maana mchekeshaji hulazimika kujitania mwenyewe kwanza. Anapofanya hivyo, huwapa hadhira ile ruhusa ambayo ukoo haukuwapa. Anakuwa mtani wa nafsi yake.

Kicheko na ganzi ya moyo

Wananadharia wawili wanatusaidia kuona ugumu wa kazi hii. Henri Bergson, mwanafalsafa wa Ufaransa, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, alishikilia kwamba ili mtu acheke sharti moyo wake ufe ganzi kwa muda. Huruma na kicheko havikai pamoja. Tukimhurumia anayeteleza kwenye tope, hatuwezi kumcheka.

Sigmund Freud, katika insha yake fupi ya mwaka 1927 kuhusu ucheshi, alilitazama suala hili kwa upande wa yule anayeteseka. Kwa mujibu wake, mtu mwenye ucheshi hugawika ndani: sehemu moja ya nafsi hubaki na maumivu, na nyingine huitazama ile ya kwanza kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyeogopeshwa na jambo dogo. Mzazi huyo wa ndani humtuliza mtoto kwa kumwonyesha kwamba dunia haitishi kiasi hicho.

Tukiwaweka wawili hawa pamoja, tunaipata mbinu ya ungamo la jukwaani. Mchekeshaji anahitaji ganzi ya Bergson ili watu wacheke, lakini anahitaji pia huruma ili ungamo lisikike kama ungamo. Hawezi kuvipata vyote viwili katika sekunde moja, hivyo huvipokezanisha: anaitia mioyo ganzi, anaizindua, kisha anaitia ganzi tena. Sauti ya mtani na sauti ya mfiwa hupishana ndani ya kinywa kimoja.

Richard Pryor: moyo na kiko vinaposema

Richard Pryor alizaliwa mwaka 1940 mjini Peoria, katika jimbo la Illinois, na kulelewa katika danguro lililoendeshwa na bibi yake. Katika miaka ya 1960 alipata umaarufu kwa vichekesho safi visivyomuudhi mtu, akifuata nyayo za Bill Cosby. Mwaka 1967 aliacha onyesho lake mjini Las Vegas na kushuka jukwaani. Aliporejea katika miaka ya 1970 alikuwa mchekeshaji tofauti, na malighafi yake sasa ilikuwa maisha yake mwenyewe na ya watu waliomlea.

Mbinu yake kuu inaweza kuelezwa kwa istilahi tunayoifahamu vyema: tashihisi. Katika filamu ya Live in Concert iliyotoka mwaka 1979, Pryor anasimulia mshtuko wa moyo uliompata. Hasemi tu kwamba aliumwa. Moyo wake unapewa sauti na tabia ya mhuni anayemvamia mtu njiani: unamwamuru asipumue, unamwangusha magotini, na kumkumbusha nyama yote ya nguruwe aliyokula bila kuujali. Pryor anaigiza pande zote mbili mpaka analala chali sakafuni. Mgawanyiko wa nafsi alioueleza Freud unaonekana hapa kwa macho, kwani mgonjwa na ugonjwa wanajibizana, na hadhira inacheka kwa sababu hofu ya kifo imegeuzwa kuwa ugomvi wa watu wawili.

Tarehe 9 Juni 1980 Pryor aliungua vibaya nyumbani kwake, takriban nusu ya mwili, katika kipindi ambacho alikuwa mtumwa wa kokeini. Miaka miwili baadaye, katika filamu ya Live on the Sunset Strip (1982), alilileta jambo hilo jukwaani. Mpangilio wa ungamo lake unastahili kuchunguzwa. Anaanza kwa uongo wa wazi, akidai kwamba aliungua kwa kuchovya biskuti katika mchanganyiko wa aina mbili za maziwa. Hadhira inacheka kwa kuwa inajua ukweli na inajua kwamba yeye anajua wanaujua. Uongo huo ni kinaya, lakini pia ni namna ya kubisha hodi. Baada ya kuwafanya wasikilizaji washirika wake katika siri hiyo, anaingia katika ukweli wenyewe.

Hapo tashihisi inarudi, safari hii ikiwa na sura ya kutisha. Kiko alichovutia kokeini kinazungumza naye. Mwanzoni kinamwongelesha kama rafiki wa pekee anayemwelewa, kikimwambia apuuze simu na miadi yake; kadiri muda unavyopita, urafiki unageuka kuwa amri. Vicheko ukumbini vinapungua. Mtani bado anasema, lakini tunamsikia mfiwa nyuma yake. Mwishoni Pryor anawasha kiberiti, anakipitisha hewani, na kuwarudishia watu mzaha waliokuwa wakiusambaza juu yake, kwamba huo moto mdogo unaokimbia ni yeye mwenyewe akikimbia barabarani. Kwa tendo hilo anaudai msiba wake kutoka vinywani mwa wengine. Kama ni kuchekwa, basi atakayesimamia kicheko ni yeye.

Ungamo la Kenya

Katika filamu hiyo hiyo ya 1982 mna sehemu fupi inayotuhusu sisi zaidi. Kwa miaka mingi Pryor alikuwa amelitumia kwa wingi tusi ambalo wabaguzi wa Marekani waliwaitia watumwa wa asili ya Kiafrika na vizazi vyao. Alilitumia akiamini kwamba kulitamka na kulirudia kungelipunguzia sumu, na liliingia hata katika jina la albamu yake ya mwaka 1974. Mwaka 1979 alizuru Kenya. Jukwaani anasimulia kwamba alikuwa ameketi katika ukumbi wa hoteli akiwatazama watu weusi wa kila aina wakienda na kurudi katika shughuli zao. Ndani yake ikasikika sauti iliyomuuliza anaona nini, na kama miongoni mwa watu wale kuna hata mmoja anayestahili kuitwa kwa tusi lile. Jibu lilikuwa hapana. Akatambua kwamba kwa majuma yote aliyokuwa hapa hakuwa amelitamka wala kulifikiria, na akaamua kutolitumia tena kuwaita watu weusi.

Jambo la kuzingatia ni umbo la sehemu hii. Sauti ya ndani ipo, kama ilivyokuwapo ya moyo na ya kiko, lakini haitaniwi. Haina lafudhi ya kuchekesha wala haimalizikii kwa pigo la kuvunja mbavu. Pryor anamnyamazisha mtani na kusema kwa sauti yake ya kawaida kwamba neno alilojipatia nalo umaarufu lilikuwa jina la unyonge wa watu wake. Kwa mchekeshaji hili ni ungamo la gharama kubwa kuliko lile la moto. Uraibu ulikuwa umekwisha kujulikana na magazeti yaliuandika. Kulikana tusi lile kulimaanisha kulikosoa jiwe mojawapo la msingi wa kazi yake, mbele ya hadhira iliyompenda kwalo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba jukwaa lilimfanya Pryor aseme yote. Katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1995 alieleza kwamba moto wa mwaka 1980 haukuwa ajali: alijimwagia pombe na kujiwasha. Ukweli huo haukuwa umewekwa wazi katika kichekesho kile mashuhuri. Kwa hiyo kicheko kilimwezesha kusimulia sehemu kubwa ya jambo, na papo hapo kikamruhusu kukiacha kiini chake gizani. Tunalazimika kukumbuka mfano huu tunaposikia ikidaiwa kwamba kicheko ni tiba.

Notaro na Gadsby: mipaka ya utani

Tarehe 3 Agosti 2012 Tig Notaro alipanda jukwaani katika ukumbi wa Largo mjini Los Angeles. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameambiwa kwamba ana saratani ya matiti. Katika miezi iliyotangulia alikuwa ameugua maradhi mengine makali, mama yake alikuwa amefariki ghafla, na uhusiano wake wa kimapenzi ulikuwa umevunjika. Aliisalimu hadhira kama kawaida na kuitangazia papo hapo kwamba ana saratani. Pryor alikuwa na miaka miwili ya kulitengeneza ungamo lake. Notaro hakuwa na hata majuma mawili. Alipouliza kama wasikilizaji wangependelea arudi kwenye mizaha yake ya kawaida, walikataa. Tukirejelea msiba wetu, hapa wanamatanga wenyewe ndio waliomwomba mfiwa aendelee.

Hannah Gadsby wa Australia alikwenda mbali zaidi na kulihoji jukwaa lenyewe. Onyesho la Nanette, lililotuzwa katika tamasha za Melbourne na Edinburgh mwaka 2017 na kusambazwa na Netflix mwaka 2018, linamhusu mtu aliyekulia kisiwani Tasmania, ambako mahusiano ya kimapenzi baina ya wanaume yalikuwa kosa la jinai hadi mwaka 1997. Gadsby anawapenda wanawake, na umbo lake humfanya adhaniwe mara nyingi kuwa mwanamume. Mapema katika onyesho anasimulia kisa cha kijana aliyetaka kumpiga katika kituo cha basi kwa kudhani ni mwanamume anayemtongoza mpenzi wake. Kijana anagundua kosa lake, anaomba radhi, na hadhira inaangua kicheko.

Baadaye Gadsby anakirudia kisa hicho na kukimalizia. Kijana yule alirudi, akampiga vibaya, na hakuna aliyeingilia kati. Yeye mwenyewe hakwenda polisi wala hospitalini, kwa sababu alikuwa amefunzwa kujiona kuwa hastahili bora zaidi ya hayo. Hapo ndipo tunapoielewa hoja yake. Kichekesho, anasema, kina sehemu mbili tu: mvutano unaojengwa na pigo linaloufungua. Masimulizi yana sehemu tatu: mwanzo, kati na mwisho. Ili kisa kiwe kichekesho, sharti kikatwe kabla ya mwisho wake. Na mtu anayekisimulia kisa chake kikiwa kimekatwa namna hiyo, mwaka nenda mwaka rudi, huishia kuukumbuka mkato na kuusahau ukweli. Anashikilia pia kwamba mtu ambaye jamii imekwisha kumdunisha, anapojidunisha tena jukwaani, haonyeshi unyenyekevu. Anajidhalilisha ili aruhusiwe kuzungumza.

Hoja hii inagusa kiini cha tofauti tuliyoieleza baina ya msiba na jukwaa. Mtani wa kimila humtania mfiwa kisha huondoka, na mfiwa hubaki na machozi yake, na walio karibu naye huendelea kumfariji. Lakini mtu anapokuwa mtani wa nafsi yake kila usiku kwa malipo, nani atamfariji mfiwa aliye ndani yake?

Funzo kwa majukwaa yetu

Uchekeshaji wetu wa jukwaani umepitia njia tofauti. Kundi la Redykyulass, mwishoni mwa miaka ya 1990, liliwachekesha Wakenya kwa kumwiga Rais Moi na wanasiasa wengine. Ulikuwa ucheshi wa kinyago, na uthubutu wake ulikuwa katika kumvaa mkubwa. Waliofuata, katika jukwaa kama lile la Churchill Show la Daniel Ndambuki, waliingiza kwa wingi nafsi ya kwanza: umaskini wa nyumbani, viboko vya wazazi, vituko vya shule za bweni. Hata hivyo, mara nyingi nafsi hiyo ni ya wingi hata inapotumia umoja. Msikilizaji hucheka kwa sababu naye alikunywa chai ile ya mkandaa na kuchapwa kwa mwiko ule. Ni aibu ya wote, na aibu ya wote haimgharimu mmoja.

Ungamo la mtu mmoja ni gumu zaidi katika mazingira yetu kwa sababu inayoeleweka. Kwetu siri ya mtu ni nadra kuwa yake peke yake. Mchekeshaji anayesimulia ulevi wa baba au maradhi ya dada amekifunua kilema kisicho chake, na aliyefunuliwa hayuko ukumbini kujibu. Mficha uchi hazai, ni kweli. Lakini methali hiyo inamhimiza mtu aufichue uchi wake, haimpi idhini ya kuwavua jamaa zake. Yeyote atakayeukuza mtindo huu nchini atalazimika kuupata mstari huo, na hakuna mfano wa kigeni utakaomchorea.

Hitimisho

Tumeona kwamba uchekeshaji wa kuungama unarithi umbo la majigambo na kazi ya utani, lakini unawaunganisha mfiwa na mtani katika mtu mmoja. Muungano huo ndio unaoupa nguvu, na ndio unaouhatarisha. Mhakiki anayeutathmini asitosheke na kuhesabu vicheko. Achunguze pia kicheko kimewekwa mahali gani katika masimulizi. Kikiwekwa mlangoni, kama ule uongo wa maziwa na biskuti, humkaribisha msikilizaji ndani ya ukweli asioweza kuukabili moja kwa moja. Kikiwekwa mwishoni ili kuuzuia ukweli usitoke, kama katika masimulizi ya kwanza ya kituo cha basi, basi mchekeshaji amechekesha na jeraha limebaki palepale.

Wahenga walikataza kucheka kilema cha mwenzio. Mwenye kilema akitupa ruhusa, tunaweza kucheka naye. Kinachobaki kuwa wajibu wetu kama hadhira ni kuendelea kuketi na kusikiliza pale anapoacha kuchekesha.